Fahamu Mtaa Wako: Barabara ya Catherine Ndereba, Mukuru kwa Njenga

Barabara ya Catherine Ndereba imepewa jina la mwanariadha Mkenya aliyeshinda ubingwa wa dunia wa marathoni mwaka 2003 na 2007. Kabla ya jina hilo, palikuwa na makazi ya watu.

Mukuru kwa Njenga ilikua kwa sababu ya viwanda vilivyo jirani. Vibarua walihitaji makao wanayoweza kutoka asubuhi kwa miguu hadi kazini. Wengi walipanga chumba cha mabati cha futi 10 kwa 10, wakatumia choo cha pamoja na kununua maji kwa mtungi. Lakini sehemu kubwa ya ardhi ilikuwa imegawiwa kampuni na watu binafsi. Hivyo ploti moja ikawa na watu watatu: mwenye hati, mwenye nyumba na mpangaji.

Mwezi Oktoba na Novemba 2021, nyumba zilibomolewa kupisha barabara hiyo. Shirika la Amnesty International lilisema zaidi ya watu 40,000 waliachwa bila makao. Familia nyingi zililala kwenye mahema juu ya vifusi. Mpangaji, ambaye hakuwa na hati wala nyumba yake, ndiye aliyekuwa na machache ya kuonyesha kwamba aliishi hapo.

Ipo njia nyingine ya kupata barabara. Agosti 2017, Serikali ya Kaunti ya Jiji la Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango. Majirani walijumuika katika vikundi vya nyumba 10 kutoa maoni kuhusu maji, shule, nyumba na barabara. Lengo mojawapo lilikuwa kupata njia zitakazohamisha kaya chache iwezekanavyo.

Mkazi anashauriwa kufanya yafuatayo:

• Kabla ya kujenga au kupanga, uliza ofisi ya mipango ya kaunti kama ploti iko kwenye hifadhi ya barabara.
• Tunza risiti za kodi na picha za nyumba.
• Hudhuria baraza mpango unapojadiliwa, hata kama wewe ni mpangaji.

Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya makao yanayofaa. Barabara huanzia kwenye ramani, na maoni ya mkazi yana uzito zaidi kabla ya tingatinga kufika.