Kutoka Stesheni Hadi Nyumba ya Wageni: Mzigo Mzito na Usalama wa Mgonjwa Msafiri

Utangulizi

Reli ya Kati ilipofika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, iliwaondolea wapagazi mizigo waliyokuwa wakiibeba kwa miguu majuma kadhaa, kila mmoja ratili 60 hadi 70, yaani takribani kilo 30. Tangu mwaka 2024, treni ya umeme imeufanya mwendo kati ya Dodoma na Dar es Salaam kuwa wa saa chache tu. Hata hivyo, kipande kimoja cha safari hakijabadilika: kile cha kutoka mlangoni mwa behewa hadi chumbani katika nyumba ya wageni. Hapo msafiri bado ni mpagazi wa mzigo wake mwenyewe.

Kwa mtu mwenye afya njema, kipande hicho huleta uchovu unaokwisha kwa usingizi wa usiku mmoja. Kwa mgonjwa, chaweza kuharibu kazi ya majuma mengi ya matibabu. Hospitali ya Taifa Muhimbili, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete na Taasisi ya Saratani ya Ocean Road zote zipo kilomita chache kutoka stesheni ya Dar es Salaam. Kwa hiyo, miongoni mwa abiria wanaoshuka na mabegi wamo wagonjwa wa rufaa, wajawazito, wazee na watu ambao vidonda vyao vya upasuaji havijakomaa.

Malengo ya somo

Baada ya kusoma somo hili, msomaji ataweza:
1. kueleza yanayotokea mwilini mtu anaponyanyua mzigo mzito;
2. kuwatambua wasiopaswa kubeba mzigo mzito;
3. kupanga mzigo, usafiri na malazi kabla ya kuondoka nyumbani;
4. kutambua dalili za hatari na kuchukua hatua ya kwanza.

Mfano wa kujifunzia

Mfano huu umetungwa kwa ajili ya somo. Mama mmoja wa miaka 58 anatoka Dodoma kwenda Dar es Salaam kwa miadi ya kliniki. Ana kisukari na hutumia insulini. Majuma matano yaliyopita alifanyiwa upasuaji wa ngiri ya kitovu. Kwa kuwa mkono mtupu haulambwi, ndani ya begi lake ametia karanga na unga wa mtama wa kumpelekea ndugu yake wa mjini. Begi lina kilo 22. Asubuhi alichoma insulini kama kawaida, akanywa chai kidogo kwa haraka ili asiachwe na treni.

Anashuka saa saba mchana. Kijana mmoja anamwendea: “Shikamoo mama, nikusaidie begi?” Mama anajibu, “Marahaba mwanangu, nitaliweza,” kwa kuhofia gharama na kumpoteza kijana katika msongamano. Analiburuta begi hadi nje, na kwa kuwa nyumba ya wageni aliyoelekezwa ni “hapo karibu tu”, anaamua kwenda kwa miguu. Anapofika anaambiwa chumba kilichobaki kipo ghorofa ya tatu, na lifti hakuna. Kwenye ngazi za ghorofa ya pili anahisi kitu kikivuta tumboni. Jasho linamtoka, mikono inatetemeka na maneno yanamchanganya. Mhudumu wa mapokezi anadhani ni joto la Dar es Salaam, anampepea. Glukosi aliyopewa kliniki imo chini kabisa ya begi, chini ya karanga.

Yanayotokea mwilini

Mgongo hufanya kazi kama mtaimbo. Misuli inayoushikilia uti wa mgongo ipo takribani sentimita 5 nyuma ya kitovu cha mzunguko wa pingili, ilhali mzigo upo mbele, mbali zaidi. Mzigo wa kilo 20 ukishikwa sentimita 40 mbele ya uti wa mgongo, misuli hulazimika kuvuta kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 160. Mzigo huohuo ukisogezwa hadi sentimita 20, nguvu hiyo hushuka hadi kilo 80. Hesabu hii haijajumuisha uzito wa kiwiliwili chenyewe kinapoinama. Ndiyo sababu begi linaloinuliwa kutoka sakafuni kwa mikono iliyonyooka huumiza mgongo kuliko begi zito zaidi lililokumbatiwa.

Taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini iliweka, mwaka 1991, kilo 23 kuwa kikomo cha uzito wa kunyanyua katika hali bora kabisa: mzigo upo karibu na mwili, una pa kushika vizuri, nao hauinuliwi kutoka chini wala kwa kujipinda. Kikomo hicho kiliwekwa kwa ajili ya wafanyakazi wenye afya. Kwenye mlango wa behewa, ambako abiria husukumana na begi huvutwa kwa mkono mmoja, hakuna sharti hata moja kati ya hayo linalotimia.

Tumbo nalo huathirika. Mtu anyanyuapo kitu kizito huzuia pumzi na kukaza tumbo. Shinikizo la ndani ya tumbo hupanda ghafla na kusukuma ukuta wake. Ukuta ulioshonwa karibuni waweza kuachia, na ngiri iliyorekebishwa ikarudi. Wakati huohuo shinikizo la damu huruka juu kwa muda mfupi, na moyo hudai damu zaidi. Mwenye mishipa ya moyo iliyosinyaa aweza kupata maumivu ya kifua hapo hapo.

Yapo pia madhara ya jinsi ya kubeba. Mkanda mwembamba wa begi zito la mgongoni hukandamiza mishipa ya fahamu begani, mkono ukafa ganzi au kulegea. Mzigo wa kichwani, hata ukiwa juu ya ngata, huzikandamiza pingili za shingo. Mwenye maradhi ya shingo asijitwike. Mzigo unaobebwa upande mmoja huupinda uti wa mgongo. Kilo 10 kila mkono ni nafuu kuliko kilo 20 mkono mmoja.

Mwisho, misuli inayofanya kazi hutumia sukari ya damu. Kwa anayetumia insulini na hajala vya kutosha, mwendo wa dakika 20 na begi zito waweza kuishusha sukari kufikia kiwango cha hatari. Dalili zake za mwanzo, yaani jasho, kutetemeka na moyo kwenda mbio, hufanana mno na za mtu aliyechoshwa na joto. Hilo ndilo lililompata mama wa mfano wetu.

Wasiopaswa kubeba mzigo mzito

Wafuatao wasibebe mzigo mzito bila ruhusa ya daktari wao:
- aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo, kifua, mgongo au nyonga, hadi atakaporuhusiwa; kwa upasuaji wa tumbo muda huo kwa kawaida ni majuma 4 hadi 6, na pengine zaidi;
- mama aliyejifungua kwa upasuaji, ambaye katika majuma ya mwanzo asinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wake;
- mjamzito, hasa ujauzito unapokuwa mkubwa;
- mwenye ngiri ambayo haijatibiwa;
- mwenye maradhi ya moyo, au shinikizo la damu lisilodhibitiwa;
- mwenye mifupa dhaifu, au saratani iliyofika kwenye mifupa, kwa kuwa pingili yaweza kuvunjika kwa kunyanyua tu.

Maandalizi kabla ya safari

Mzigo. Mgonjwa awe na mifuko miwili. Mfuko mdogo, usiotoka mwilini mwake, ubebe dawa zote za siku tatu, barua ya rufaa, kadi ya bima na kitambulisho, maji, chakula kidogo, na kwa mwenye kisukari, glukosi au sukari. Insulini isiachwe juani wala ndani ya gari lililofungwa. Begi kubwa liwe la magurudumu, na lipimwe nyumbani: ikiwa mwenye nalo hawezi kulinyanyua hadi usawa wa kiuno bila kuzuia pumzi, limemzidi. Zawadi zaweza kutumwa kama kifurushi kwa basi, au mwenyeji akaja kuzipokea stesheni. Heshima ya mgeni haipungui kwa kumpa mwenyeji nafasi ya kubeba.

Malazi. Kabla ya kulipa, mgonjwa au ndugu yake apige simu kuuliza mambo manne: chumba kipo ghorofa ya ngapi, lifti ipo na inafanya kazi, gari hufika mlangoni au huishia barabara kuu, na je, mgeni aweza kupokewa saa treni inapofika? Chumba cha chini chenye bei kubwa kidogo huwa na gharama ndogo kuliko kidonda kilichoachia.

Usafiri. Kwa mgonjwa mwenye begi, teksi au bajaji inayofika hadi mlangoni ndiyo inayofaa. Nauli ipatanwe kabla mzigo haujapakiwa, na dereva aombwe mapema kusaidia kulishusha begi. Bodaboda haifai kwa aliyepasuliwa wala kwa mwenye mzigo mkubwa. Daladala na mabasi ya mwendokasi ni nafuu, lakini saa za msongamano mgonjwa aweza kusimama muda mrefu na kusukumwa tumboni.

Kushuka na kufika

Dakika 15 kabla ya kufika, msafiri asimame, atembee kidogo ndani ya behewa na kunyoosha mgongo. Mtu aliyeketi saa nyingi huwa na mgongo uliolegea kano zake, nao huumia upesi ukitwishwa mzigo papo hapo. Kutembea huko pia huisaidia damu ya miguuni isigande. Msongamano uachwe upungue kwanza. Treni ikiwa imefika mwisho wa safari, hakuna haja ya kukimbilia mlango.

Kumwita mchukuzi si anasa kwa mgonjwa. Ni sehemu ya matibabu. Malipo yatajwe kwanza, achaguliwe mchukuzi anayetambulika stesheni hapo, na mgonjwa atembee nyuma ya begi lake huku akiliona. Mfuko mdogo haukabidhiwi mtu.

Anayelazimika kunyanyua asogee karibu na begi, atenganishe miguu, akunje magoti na nyonga badala ya kiuno, alivute begi karibu na tumbo, kisha ainuke huku akitoa pumzi. Akitaka kugeuka, ageuze miguu, asijipinde kiuno. Penye lifti atumie lifti, asipande ngazi za umeme na begi kubwa. Kila baada ya mwendo mfupi apumzike kivulini na kunywa maji, isipokuwa aliyepangiwa kiasi cha maji na daktari, ambaye atafuata kiasi hicho.

Dalili za hatari

- Maumivu au kubanwa kifua, hasa yakienea mkononi, shingoni au tayani. Kwa wazee, wanawake na wenye kisukari yaweza kuwa ni kukosa pumzi tu. Aketi mara moja, atue mzigo, na apelekwe hospitali.
- Jasho, kutetemeka au kuchanganyikiwa kwa mwenye kisukari. Akiwa na fahamu na anaweza kumeza, apewe vijiko vidogo 3 hadi 4 vya sukari katika maji, au nusu glasi ya soda yenye sukari. Arudiwe baada ya dakika 15 asipopata nafuu, kisha ale. Asiye na fahamu asipewe kitu mdomoni; apelekwe hospitali.
- Uvimbe wa ngiri uliokuwa ukirudi ndani sasa ni mgumu, unauma na haurudi, au mgonjwa anatapika. Hii ni dharura ya upasuaji.
- Maumivu ya mgongo pamoja na ganzi sehemu za siri, miguu kulegea, au kushindwa kuzuia au kutoa mkojo. Asisubiri kesho.
- Mguu mmoja kuvimba na kuuma baada ya safari, au kukosa pumzi ghafla. Huenda damu imeganda.
- Kidonda kuachia, kutoa damu au usaha.

Wajibu wa mhudumu wa afya

Maneno “usibebe vitu vizito” hayatoshi. Mgonjwa anayeruhusiwa hodini aulizwe: unasafiri kwa chombo gani, unafikia wapi, nani anakupokea, nani anabeba begi lako? Majibu hayo huchukua dakika mbili. Inafaa pia kutaja uzito kwa vitu anavyovijua: ndoo ya lita 20 iliyojaa maji ni kilo 20 na zaidi, dumu la lita 5 ni kilo 5. Wakati wa kurejea nyumbani aonywe tena, kwa maana wengi hupitia Kariakoo, na begi lililokuja na kilo 10 huondoka na 30.

Hitimisho

Mama wa mfano wetu angeweza kuokolewa mahali patatu kabla ya zile ngazi: wodini, kama angeulizwa atasafirije, nyumbani, kama glukosi ingekaa mfuko mdogo na karanga zingetumwa peke yake, na kwenye simu, kama angeuliza ghorofa. Ilipobidi, glasi moja ya maji yenye sukari kutoka jikoni mwa nyumba ile ya wageni ingetosha kumrudishia fahamu zake, laiti mhudumu wa mapokezi angeambiwa kwamba mgeni wake ana kisukari. Mgonjwa asione haya kulitamka hilo anapoandika jina lake kwenye daftari la wageni.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini begi la kilo 20 lililokumbatiwa huumiza mgongo kidogo kuliko lililoshikwa kwa mikono iliyonyooka?
2. Taja vitu vitano visivyopaswa kutiwa katika begi kubwa la mgonjwa.
3. Utatofautishaje uchovu wa joto na kushuka kwa sukari, na kwa nini ni salama kumpa sukari mwenye kisukari anayetumia insulini unapokuwa na shaka?
4. Tunga maswali manne utakayomwuliza mgonjwa wako wa kesho kuhusu safari yake ya kurudi nyumbani.