Kuamua Mambo ya Kila Siku

Mwezi huu twataka kujifunza jambo linalowachosha wengi kimya kimya, nalo ni kuamua mambo ya kila siku. Mambo makuu, kama kuoa au kujenga nyumba, watu huyakalia shauri. Lakini haya madogo, tuuze samaki leo au tuwaanike, tulipe deni au tununue nyavu, hutujia kila asubuhi, na mara nyingi jua hutua nasi hatujakata neno.

Na tutazame Ras Kisimani, rasi iliyo magharibi ya kisiwa cha Mafia, inayoelekea midomo ya mto Rufiji ng'ambo ya maji. Hapo palikuwa na mji wa kale, ambao Neville Chittick alichimbua mabaki yake, akatoa maandishi juu yake mwaka 1961. Sehemu kubwa ya mji ule imeliwa na bahari. Bahari haikai shauri na mtu. Tangu maji kujaa mpaka kujaa tena ni muda wa saa 12 na dakika 25 hivi. Nahodha asimamaye ufuoni akisema, "Niende, nisiende," mwisho huona maji yamekupwa na mashua imekaa mchangani. Yeye hakuamua, lakini neno limekwisha kuamuliwa. Basi tujue ya kuwa kutoamua nako ni kuamua, ila twaiacha kazi hiyo mikononi mwa wengine.

Mtu atauliza: Wazee walisema, haraka haraka haina baraka, wakasema tena, ngoja ngoja huumiza matumbo. Tufuate lipi? Yote mawili ni kweli, kila moja mahali pake. Yatupasa kulipima jambo lenyewe kwa maswali mawili: Likiharibika, laweza kutengenezwa? Tena, laweza kungoja?

Kwanza, liko jambo liwezalo kutengenezwa, kama kupika wali au muhogo. Hilo tulikate upesi. Na lile linalorudi kila siku tuliwekee kanuni. Mathalani, kila tuuzapo samaki, fungu la madaftari ya watoto litengwe kwanza. Aliyeweka kanuni haanzi vita upya kila jioni.

Pili, liko jambo lisiloweza kurudishwa, lakini laweza kungoja, kama kuuza shamba la minazi. Mnunuzi huja na fedha mkononi, akituhimiza. Tusiitikie siku ile. Tulale kwanza, tushauriane na mwenzi wa nyumbani na wazee. Hata hivyo tutaje siku ya kutoa jibu, maana shauri lisilo na siku halina mwisho.

Tatu, liko jambo lisiloweza kurudishwa wala kungoja. Mtoto ana homa kali, amekataa kunyonya, ashikwa na degedege. Baba yuko baharini. Mama hathubutu kugusa fedha bila ruhusa. Bibi ataka kujaribu dawa ya nyumbani kwanza. Hapa ndipo wengi hushindwa, na malaria kali yaweza kumwua mtoto mdogo kwa siku moja au mbili. Apelekwe mara moja penye tiba iliyo karibu, au hospitali ya Kilindoni, usiku au mchana. Na kwa kuwa wakati wa hofu akili hutawanyika, neno hili liamuliwe mtoto akiwa mzima: nyumba yote ijue ya kuwa mama hangoji ruhusa, na nauli iwekwe mahali panapojulikana.

Kuomba hekima ni vema, lakini sala si mahali pa kujificha. Tukiisha kuomba na kupima, tuamue, tukafanye.

Maswali ya kuzungumza:
1. Ni neno gani nyumbani mwetu ambalo twalianza upya kila siku? Tuliwekee kanuni gani?
2. Mtoto akishikwa na homa usiku huu, nani ataamua, na nauli iko wapi?