SOMO: Mabote ya Motari – Namna ya Kuchagua Yale Hayaingize Maji na Hayaumize Mguu



Huku kwetu Masisi, kutoka vilima vya Kingi kushuka mpaka Sake, mzigo mwingi wa koperative unatembea kwa moto: bidoni za maziwa, fromaji, mifuko ya birayi na ya maharagi. Mvua ikinyesha na barabara ikigeuka matope, motari anaweka mguu chini kila hatua chache. Mguu ule njo unashikilia moto, mzigo na yeye mwenyewe. Ukiteleza, bidoni inamwagika na kazi ya siku nzima inapotea. Ukikaa saa nyingi ndani ya maji baridi, unakufa ganzi, na motari hasikie tena vizuri breki.

Tunazoea kuzungumza juu ya mbegu, jembe na dawa ya mimea. Bote nalo ni chombo cha kazi sawa na jembe. Somo hili linafundisha namna ya kulichagua, kulipima na kulitunza. Wale hawaendeshe moto wasome pia, juu viatu hivi vinaingia shambani na kwenye kraal.

1. Mguu wa motari unaumia kwa nini?

*Maji na baridi.* Mguu ukikaa ndani ya kiatu chenye maji kwa saa nyingi, ngozi inakuwa nyeupe na kukunjamana, kisha inavimba, inauma na kupasuka. Haihitaji barafu, baridi ya milima inatosha. Wakati wa Vita Kuu ya kwanza (1914–1918), maelfu ya askari waliokaa ndani ya mahandaki yenye maji kule Ulaya waliugua ugonjwa huu, na wengine walikatwa miguu. Dawa kubwa ilikuwa rahisi: kukausha miguu na kubadilisha shoseti kila siku. Hata leo ni ile ile.

*Bomba la moshi.* Kwenye moto nyingi za kwetu bomba liko upande wa kuume. Mguu wa chini ukiligusa, ngozi inaungua mara moja. Abiria wanaungua zaidi, juu wanavaa kandambili.

*Moto kuanguka.* Moto yenye mzigo ikilala upande, kitu cha kwanza kinabanwa ni kifundo cha mguu. Kiatu kifupi hakikingi kifundo.

*Mawe ya lava.* Mwenye kufika Goma anajua. Lava ya Nyiragongo ya Januari 2002 na ya Mei 2021 iliacha mawe makali kama vipande vya chupa. Soli nyembamba haidumu pale.

*Udongo wenyewe.* Katika nchi za milima zenye udongo mwekundu wa volkano, watu wanaotembea na kulima miaka mingi bila viatu wanaweza kuvimba miguu, ugonjwa ambao jirani zetu wa Rwanda wanauita imidido. Umeonekana pia Uganda na Ethiopia. Hauletwe na mbu wala na uchawi, na hauambukize. Vipande vidogo sana vya udongo vinapita ndani ya ngozi na kuharibu mishipa ya ndani. Kuvaa viatu tangu utoto na kunawa miguu kila jioni kwa maji na sabuni kunauzuia.

2. Aina za mabote unazokuta sokoni

*Mpira wa kweli.* Ni laini, linakunjika hata asubuhi ya baridi, na soli inashika vizuri kwenye jiwe lenye maji. Ni zito kidogo na bei iko juu. Likitoboka, fundi wa matairi anaweza kulibandika kwa kipande cha shambreri na solisyo.

*Plastiki.* Kwa macho linafanana na la mpira. Ni jepesi na bei ni kidogo. Lakini baridi inalifanya gumu, linapasuka pale vidole vinapokunjika, na linateleza kwenye chuma cha kuwekea miguu. Likigusa bomba la moshi linayeyuka. Solisyo ya shambreri haishike vizuri juu yake.

*Ngozi.* Linakinga kifundo vizuri na mguu unapumua. Lakini maji yanaingia kwenye mishono na kwenye ulimi wa mbele. Ukilipaka mafuta ya ngozi kila juma linavumilia manyunyu, halivumilie kuvuka kijito.

*Mabote ya wasafiri wa moto kutoka Ulaya.* Mara moja moja yanapatikana kwenye mitumba. Ndani yana ngozi nyembamba yenye vitundu vidogo sana: mvuke wa jasho unatoka, tone la maji haliingie. Ni kitu kizuri, lakini ngozi ile ikichanika fundi wa kwetu hawezi kuishona isivuje tena. Tazama lebo: mchoro wa mtu wa moto wenye namba EN 13634 unaonyesha kwamba bote lilipimwa kwa kazi hii, na herufi WR zinaonyesha kwamba lilipimwa kwa maji. Kumbuka kwamba lilipimwa likiwa jipya.

*Mabote ya wafanyakazi.* Haya ni ya mpira au plastiki nzito, yenye chuma mbele ya vidole. Alama S4 ina maana ya chuma cha vidole. Alama S5 inaongeza soli isiyopenywa na msumari, na hiyo inafaa kwa lava. Shida yake: ncha ni nene, na vidole vinapata taabu kuingia chini ya kishikio cha vitesi. Jaribu kwanza.

*Mabote ya kijeshi.* Usinunue, hata kama bei inapendeza. Kwenye bariere, mtu wa raia aliyevaa viatu vya kijeshi anaweza kudhaniwa ni mpiganaji, na hakuna mzigo wa maziwa unaostahili mashaka yale. Kila kitu chenye rangi au umbo la jeshi kiache pale sokoni. Ukiweza kupata bote la rangi nyingine kuliko nyeusi au kijani, ni vizuri zaidi.

3. Kupima kabla ya kulipa

Muuzaji atakuambia: "Hii iko nguvu, utazeeka nayo!" Wewe fuata hatua hizi, moja moja, bila haraka.

1. *Nenda mangaribi.* Mguu unavimba kidogo kila siku. Bote linalokutosha asubuhi linaweza kukubana jioni.
2. *Vaa shoseti nene,* zile zile utakazovaa kwa safari, na upime miguu yote miwili. Watu wengi wana mguu mmoja mkubwa kuliko mwingine. Fuata ule mkubwa.
3. *Sukuma vidole mbele.* Nyuma ya kisigino kidole kimoja cha mkono kiweze kuingia. Vidole vya mguu viweze kucheza. Bote linalobana linazuia damu, na mguu bila damu ya kutosha unapata baridi hata ukiwa mkavu.
4. *Tembea hatua ishirini, kisha chutama.* Kisigino kikipanda na kushuka ndani, kitakutoa malengelenge. Ukingo wa juu ukikata nyuma ya goti, bote ni refu mno kwako.
5. *Panda juu ya moto.* Omba motari yeyote aliye pale. Mguu wa kushoto upandishe na kushusha vitesi, wa kuume ukanyage breki. Kama husikie breki chini ya soli, au ncha inanasa, tafuta lingine. Hii ni hatua watu wanaruka, na njo ya lazima.
6. *Kunja bote kwa mikono* pale vidole vinapokunjika. Tazama kama mstari mweupe au ufa unatokea. Tazama pia pale soli inaungana na sehemu ya juu.
7. *Tafuta vitundu.* Ingiza tochi ya simu ndani ya bote na ulitazame kwenye kivuli. Nuru ikitoka, na maji yataingia. Kwa mitumba, omba beseni la maji: kunja mdomo wa bote, lizamishe na ulibane. Mapovu yakitoka, kuna tundu.

Tazama pia michoro ya soli. Mistari yenye kina na nafasi inaachia matope. Mistari midogo iliyosongamana inajaa matope na kuwa laini kama sabuni.

Urefu mzuri ni nusu ya mguu wa chini au zaidi: unakinga kifundo, bomba la moshi na vijito vidogo.

4. Kuvaa vizuri

Motari wengi wanasema bote lao linavuja, kumbe maji yanaingia kwa juu. Suruali ya mvua ikiwekwa ndani ya bote, inageuka mfereji: maji yanateremka moja kwa moja mpaka kwenye vidole. Weka suruali ya mvua *nje* ya bote, na uifunge kwa kamba ya mpira chini.

Beba shoseti kavu ndani ya sashe iliyofungwa. Ukifika Sake, vua mabote, kausha miguu, badilisha. Shoseti za sufu zinatunza joto hata zikilowa, za pamba zinalipoteza haraka.

Kama bote limetoboka njiani, vaa sashe juu ya shoseti kisha bote. Hii ni msaada wa siku moja tu, juu jasho halitoke.

Usiache kamba ya kiatu ikining'inia. Inaweza kunaswa na mnyororo au kishikio cha vitesi.

5. Kutunza

– Osha matope kila jioni kwa maji na sabuni, ndani na nje. Mafuta ya maziwa na mafuta ya injini yanakula mpira.
– Usioshe kwa esansi. Inalainisha mpira na kuuvimbisha.
– Usikaushe karibu na moto wa jikoni wala usiache juani siku nzima. Toa soli ya ndani, jaza kitambaa kikavu au karatasi, badilisha usiku, uliweke chini juu mahali penye upepo.
– Usiazimane mabote. Kuvu ya kati ya vidole inahama na kiatu.
– Kila asubuhi likung'ute kabla ya kuvaa. Wadudu wanapenda mahali penye giza na joto.

6. Hesabu ya koperative

Tuseme bote la plastiki ni dola 8 na linadumu miezi minne. Kwa mwaka mmoja utanunua matatu: dola 24. Tuseme la mpira ni dola 20 na linadumu mwaka mmoja. Mwenye kununua ya bei kidogo amelipa dola 4 zaidi, na ametembea na miguu iliyolowa kila mara lile la zamani lilipopasuka kabla hajapata feza ya lingine. Hii ni mfano tu. Wekeni bei za soko lenu na miezi mnayoijua.

Shida ni kwamba dola 20 kwa mara moja ni feza nyingi. Hapa njo koperative inasaidia. Kila bidoni inaposhuka, mnaweza kuweka pembeni franka kidogo ndani ya sanduku la vifaa, na kuiandika kwenye daftari mbele ya wote. Mkinunua jozi nyingi pamoja, muuzaji anapunguza bei. Lakini msinunue kwa kukisia: andikeni namba ya mguu ya kila mtu, na kila mtu apime mwenyewe.

Kuna maswali mawili ambayo tusiyafiche. La kwanza: motari mara nyingi si memba, ni mtu tunayemlipa kwa safari. Tunataka maziwa yetu yafike salama, lakini akiungua au akivunjika kifundo tunatafuta mwingine. Je, hiyo ni haki? La pili: wamama wanaobeba fromaji nyuma ya moto wanapanda na kandambili, na bomba la moshi haliulize nani ni dereva. Namba ndogo, kutoka 36 mpaka 39, ni ngumu kupata sokoni. Msipoziagiza mapema, wamama watabaki bila mabote.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Katika mwaka uliopita, ni safari ngapi mzigo wetu ulianguka au kuchelewa juu ya matope? Nani alilipa hasara?
2. Motari wetu wanavaa nini leo? Nani kati yao ameungua au kuumia mguu?
3. Sanduku la vifaa lianze na franka ngapi kwa kila bidoni? Nani atunze daftari?
4. Motari ambaye si memba apewe bote kwa mashariti gani?

Kazi ya nyumbani: kabla ya mkutano ujao, kila memba achukue viatu vyake vya kazi, avipime kwa tochi na kwa beseni la maji, na alete jibu. Anza na vyako, kisha vya watoto wanaochunga ng'ombe.