Zana za Bure katika Kazi ya Huria

Kiswahili hutofautisha mambo mawili ambayo Kiingereza huyaeleza kwa neno moja. Kitu cha bure ni kile kisicholipiwa. Kitu huria ni kile ambacho mtumiaji wake hafungwi na mwingine. Programu ya kompyuta yaweza kuwa bure pasipo kuwa huria, na tofauti hiyo ndiyo tunayokusudia kuieleza hapa.

Programu huandikwa kwanza na binadamu kwa maandishi yanayosomeka, yaitwayo msimbo. Katika programu huria, leseni humruhusu kila mtu kuusoma msimbo, kuubadili na kuugawa. Katika programu za kibiashara, aghalabu msimbo hubaki mikononi mwa kampuni. Hata hivyo, kampuni kadhaa zinazouza zana za waandishi wa programu huwapa leseni bila malipo wachangiaji wa kazi za huria. JetBrains, iliyoanzishwa Prague mwaka 2000, hutoa leseni za namna hiyo kwa mwaka mmoja mmoja, kwa kazi isiyo ya biashara. Si sadaka tupu: mchangiaji aliyezoea zana fulani huweza kuidai pia kwa mwajiri wake.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa Linux, mfumo endeshi ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, alipokuwa mwanafunzi Helsinki. Kwa miaka mingi wachangiaji walimpelekea marekebisho kwa barua pepe, naye akayaingiza mwenyewe. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 kazi hiyo ilimzidi mtu mmoja. Mwaka 2002 Torvalds alianza kutumia BitKeeper, zana ya kampuni ya Larry McVoy ya Marekani, ambayo hutunza kumbukumbu za kila badiliko: nani alibadili nini, lini, na kwa sababu gani. Kazi iliharakishwa mno.

Wachangiaji hawakutozwa chochote, lakini masharti yalikuwapo. Leseni ya bure haikutolewa kwa mtu ambaye yeye au mwajiri wake alitengeneza zana ya kushindana na BitKeeper. Asiyekubali masharti aliweza kuupata msimbo wa Linux, ila kumbukumbu kamili za mabadiliko yake zilisomeka kwa BitKeeper yenyewe tu. Richard Stallman, mwasisi wa harakati za programu huria, alilipinga jambo hilo. Wengi waliona anakuza mambo.

Mwaka 2005 Andrew Tridgell wa Australia alianza kuandika programu ya kuzisoma kumbukumbu hizo. Yeye hakuwa ameikubali leseni. Baadaye alionyesha mjini Canberra kwamba hatua ya kwanza ilikuwa kujiunga na kompyuta ya hifadhi na kuiandikia neno la kuomba msaada, nayo ikamjibu kwa orodha ya amri zake. Kampuni ilikasirika, na Aprili 2005 ikatangaza kuliondoa toleo la bure. Torvalds mwenyewe alimlaumu Tridgell. Kwa maoni yetu lawama hiyo haikustahili, maana leseni humfunga aliyeikubali tu. Hatari ilikuwa imewekwa tangu 2002, kumbukumbu za watu wote zilipotiwa katika chombo cha mmoja.

Torvalds alianza kuandika zana mpya, Git, tarehe 3 Aprili 2005; tarehe 7 Git ilikuwa tayari ikitunza msimbo wake yenyewe. Hifadhi kuu ya Linux ya leo huanzia mwezi huo: kumbukumbu za miaka ya nyuma hazikuingizwa humo, bali ziligeuzwa baadaye na kuwekwa kando.

Ufundi wa Git wafaa kuelezwa. Kila faili hupitishwa katika hesabu inayotoa namba ya biti 160, iandikwayo kwa alama 40. Ukibadili herufi moja tu, namba hugeuka kabisa. Kila kumbukumbu mpya hubeba namba ya ile iliyoitangulia, kama pete za mnyororo, hivyo anayeichezea ya zamani huzivuruga zote zinazofuata. (Mwaka 2017 watafiti wa Amsterdam na wa Google walitengeneza faili mbili tofauti zenye namba moja, Git imekwisha kuwekewa pia hesabu ndefu zaidi.) Lililo kubwa ni kwamba kwa kawaida kila mchangiaji huwa na nakala nzima, pamoja na historia yake. Hakuna anayeweza kuiondoa kwa kufuta leseni.

BitKeeper nayo ilifanywa huria Mei 2016, wakati Git ilikwisha kuenea duniani.

Basi mchangiaji anayepewa leseni ya bure na atazame kwanza zana hiyo hushika nini. Kihariri cha msimbo kikikatwa, msimbo hubaki maandishi ya kawaida, nawe utaufungua kwa kingine. Hasara ni ya mazoea tu. Zana inayohifadhi ni jambo jingine. GitHub, ambayo Microsoft iliinunua mwaka 2018, hutunza msimbo kwa Git, lakini taarifa za kasoro na majadiliano ya wachangiaji hayamo katika nakala za Git. Jaribio lake ni jepesi: siku ya kwanza, kabla kazi haijawa kubwa, toa kila kilichomo, kipeleke kwenye kompyuta isiyo na zana hiyo, kisha uhesabu kinachosomeka.