MAPENZI YA BABA NI MLANGO WA ILIMU YA MWANA

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyiezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Baba wengi wa pwani hii hutoa ada ya chuo, wakanunua juzuu na kanzu na kofia, wakampeleka mwana kwa mwalimu, kisha wakadhani ya kuwa deni la malezi limekwisha lipwa. Baba wa namna hii arudipo nyumbani jioni, nyumba yote hunyamaza. Watoto waliokuwa wakicheza ukumbini hutawanyika. Naye hufurahi, akawaambia wenziwe barazani ya kuwa wanawe wana adabu. Lakini jambo hili lataka kuangaliwa vyema: ile ni adabu, au ni khofu? Adabu hubaki kwa mwana hata baba akisafiri. Khofu huondoka siku ile ile anayoondoka yeye.

Katika Sura ya Luqman, Mwenyiezi Mungu ametaja wasia wa mzee huyo mwenye hekima kwa mwanawe. Alimkataza shirki; tena akamjulisha ya kuwa hapana tendo lifichikalo kwa Mungu, ijapokuwa ni dogo kama chembe ya khardali; tena akamwamrisha kusali na kusubiri. Na katika aya ya 13, na ya 16, na ya 17, kila mara alimwita kwa tamko la Kiarabu *ya bunayya*, ambalo si kumwita mwana tu, bali ni kumwita kwa upole na mapenzi. Mapenzi yalitangulia, na mafunzo yakafuata.

Nabii Yusuf naye alipoota ndoto yake, aliyemwendea kumweleza ni babake. Nabii Yaaqub akamsikiliza, akamwonya asiwahadithie nduguze. Aliweza kumwonya kwa sababu siri ilimfikia. Je, mwana wa leo mwenye jambo zito moyoni humwendea nani? Ikiwa kwa babake hakuzoea ila makaripio, atalipeleka kwa rafiki wa njiani, na rafiki huyo ndiye atakayekuwa mwalimu wake, baba asijue.

Bukhari na Muslim wamepokea ya kuwa Al-Aqra' bin Habis, mmoja wa wakubwa wa Banu Tamim, alimwona Mtume (S.A.W.) akimbusu mjukuu wake Hasan. Akasema kuwa yeye ana watoto kumi, wala hajapata kumbusu hata mmoja. Mtume akamtazama, akamjulisha ya kuwa asiyewahurumia wengine, naye hahurumiwi. Basi wanaodhani kuwa kumkumbatia mwana ni kujivunjia heshima, na wajiulize wanamfuata nani katika wawili hawa.

Anas bin Malik aliingia katika utumishi wa Mtume Madina naye ni kijana wa miaka kumi hivi, akakaa naye muda wa miaka kama kumi. Baadaye alisimulia ya kuwa katika muda huo wote hakusikia kwake neno la kuchukizwa, wala hakuulizwa kwa nini kafanya hili au kwa nini hakufanya lile. Na kijana huyo aliyelelewa kwa upole ndiye aliyewapokelea Waislamu Hadithi zaidi ya 2,000. Upole haukumfanya mzembe, bali ulimfungua masikio.

Wanachuoni nao hawakulinyamazia jambo hili. Imamu Ghazali, aliyekufa mwaka wa 1111, ameeleza ya kuwa kumkaripia mwana kila wakati humzoeza lawama, hata maneno yasimwingie tena moyoni. Akaeleza pia kwamba yafaa mwana aruhusiwe kucheza mchezo mwema akitoka chuoni, kwani kumnyima mchezo na kumchosha kwa kusoma daima huua moyo wake na kuzima akili yake. Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka wa 1332 na kufa Misri mwaka wa 1406, ametenga mlango katika *Al-Muqaddima* kueleza madhara ya ukali kwa wanafunzi. Amesema kuwa mwana aliyelelewa kwa kutenzwa nguvu hupotewa na uchangamfu, akawa mvivu, akajifunza uwongo na hila, akaonyesha yasiyo moyoni mwake kwa kuogopa mkono wa kumpiga. Na mwisho mambo hayo huwa ndiyo tabia yake.

Uchunguzi wa zama za karibu umeelekea huko huko. Katika miaka ya 1954 na 1955, mtaalamu Mary Ainsworth alikuwa Uganda, akawafuatia majumbani mwao watoto wachanga 28 wa nyumba 26 katika vijiji vya karibu na Kampala. Aliona ya kuwa mtoto ambaye mamake humsikiliza na kumwitikia hulia kidogo, tena huwa na moyo wa kutambaa mbali naye ili kuyaangalia mambo mageni, akijua ya kuwa akitishika atarudi apokewe. Asiye na matumaini hayo hulia sana, na hujishikiza kwa mamake asitake kuondoka. Na baadhi ya watoto wale walionekana kushikamana na baba pia. Kutafuta ilimu nako ni kwenda kwenye jambo geni. Mwenye mahali pa kurudi ndiye mwenye ujasiri wa kwenda.

Huenda mtu akasema: wazee wamenena, mchelea mwana kulia hulia yeye, na sheria imeamrisha mwana apigwe kwa ajili ya sala. Jawabu ni kwamba wazee wamesema kweli, kwani kudekeza si mapenzi. Anayemwacha mwanawe alale mpaka jua lichomoze, au anayemtetea akidhulumu wenziwe, huyo hakumpenda, bali amejipunguzia taabu. Ama sala, amri ya Mtume ni mwana aamrishwe akiwa na miaka saba, na kupigwa hakukutajwa mpaka miaka kumi. Baina yake ni miaka mitatu, na sala tano kila siku. Jumla ni zaidi ya sala 5,000 za kuitwa na kuelekezwa. Tena wanachuoni wakashurutiza kisiwe kipigo cha kujeruhi wala cha kutuliza hasira. Anayeanza na fimbo bila ya kuitimiza miaka ile ya kuita, ameishika amri kwa ncha yake tu.

Wala haisemwi ya kuwa mapenzi peke yake yatosha. Nabii Nuh alimwita mwanawe kwa tamko lile lile la upole, na mwana akakataa, akagharikishwa. Uongofu ni wa Mwenyiezi Mungu. Lakini Nabii Nuh alimwita mpaka wimbi likawatenganisha, na hiyo ndiyo haki iliyo juu ya baba.

Basi baba na aanze kwa machache. Baada ya sala ya Magharibi au Isha na akae na mwanawe, amsikilize alichosoma siku ile, na amsifu kwa alichokijua kabla ya kumsahihisha alichokosea. Akikosa, amwonye faraghani, si mbele ya wageni wala mbele ya watoto wenziwe. Na afanye uadilifu baina ya watoto wake, kwani Bashir alipotaka kumpa mwanawe Nuuman kitu na kumshuhudisha Mtume, aliulizwa kama wote amewapa mfano wake. Alipojibu la, Mtume alikataa kuwa shahidi.

Kila baba atafika siku ya uzee, na siku hiyo mwana hatalazimika tena kukaa naye kwa khofu. Atakayekuja kumshika mkono kumpeleka msikitini ni yule aliyezoea kushikwa mkono na yeye.

Mwenyiezi Mungu awajaalie wazee huruma na subira, na awajaalie watoto wao wawe kitulizo cha macho yao. Amin.