HASIRA YA MWALIMU NA HOFU YA MWANAFUNZI



Ukurasa huu wa afya umezoea kuzungumza juu ya malaria, kuhara, choo bora na maji ya kuchemsha. Leo tutazungumza juu ya kitu kisichoonekana kwa macho, wala hakipimwi kwa kipimajoto. Kitu hicho ni hisia. Hasira ni hisia. Hofu ni hisia. Huzuni, aibu, wivu na furaha ni hisia pia. Kila mtu anazo, mkubwa na mdogo, mwalimu na mwanafunzi.

Pengine utauliza: kwa nini mganga msaidizi wa kijijini aache dawa zake na kuingia mambo ya shule? Nitajibu kwa habari iliyotokea katika mkoa wetu wa Kagera.

Mwezi Agosti mwaka 2018, mwanafunzi wa darasa la tano wa Shule ya Msingi Kibeta, mjini Bukoba, alishukiwa kwamba ameiba mkoba wa mwalimu. Alipigwa shuleni. Akafa. Mwezi Machi mwaka 2019 Mahakama Kuu ilimtia hatiani mwalimu mmoja kwa kosa la mauaji, ikamhukumu adhabu ya kifo. Mkoba hununuliwa dukani. Mtoto hanunuliwi. Wazee walisema hasira ni hasara, na hasara ya siku ile walioipata ni wengi: wazazi wa mtoto, walimu, na wanafunzi waliorudi darasani wakaona nafasi ya mwenzao haina mtu.

Hasira hufanya nini mwilini?

Juu ya kila figo kuna kitezi kidogo. Mtu akikasirika au akiogopa, vitezi hivyo hutia ndani ya damu maji yaitwayo adrenalini. Moyo huenda mbio. Pumzi hufupika. Damu hukimbilia kwenye mikono na miguu, kana kwamba mtu anajitayarisha kupigana na mnyama au kumkimbia. Wakati huo akili ya kufikiri hupungua nguvu. Ndiyo maana mtu mwenye hasira kali hufanya jambo, halafu baadaye hujiuliza mwenyewe, "Hivi ni mimi niliyefanya?"

Mabadiliko hayo humpata mwalimu mwenye fimbo mkononi. Humpata pia mtoto aliyesimama mbele yake. Mtoto mwenye hofu kubwa hawezi kukumbuka saba mara nane, hata kama jana usiku aliijua. Unapomwuliza huku umemwinulia fimbo, unauliza mtu ambaye akili yake imeshakimbia. Akikosa, unasema ni mjinga.

Serikali haikuacha jambo hili bila utaratibu. Kanuni za viboko shuleni zilizotolewa mwaka 2002 zinasema viboko visizidi 4. Mwenye ruhusa ya kuchapa ni mwalimu mkuu, au mwalimu aliyepewa ruhusa hiyo kwa maandishi. Ni kwa makosa makubwa tu. Umri na afya ya mtoto viangaliwe. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, ila kama shule haina mwalimu wa kike. Na kila adhabu iandikwe katika kitabu.

Wengi wanaona kuandika kitabuni ni usumbufu. Mimi naona hapo ndipo penye dawa. Mwalimu akienda ofisini, akatafuta kitabu, akatafuta kalamu, akaandika jina la mtoto na kosa lake, hasira imekwisha poa nusu. Mara nyingi atafika katikati ya mstari na kuona kosa lenyewe halistahili kuandikwa. Anayechapa bila kitabu amejinyima nafasi ya kufikiri.

Mtoto hasikii

Sasa nije kwenye mambo ninayoyaona kazini. Huku kwetu mzazi au mwalimu akichoka na mtoto husema, "Huyu hasikii!" Maana yake ni mkaidi. Mama mmoja alimleta kwangu mwanawe wa miaka tisa. Mtoto alikuwa na alama za fimbo miguuni.

Mama akasema, "Daktari, nipe dawa ya hiyo miguu. Shuleni wanasema hasikii. Hata nyumbani hasikii."

Nikamwuliza, "Mama, umewahi kuangalia masikio yake?"

Akacheka, akidhani nafanya mzaha. Nilipotazama, sikio la kulia lilikuwa linatoa usaha, na la kushoto lilikuwa na tundu kwenye ngoma yake. Mtoto alikuwa hasikii kweli. Mwalimu akisema "Fungueni vitabu," yeye alikuwa akitazama wenzake wanafanya nini, kisha anafuata akiwa amechelewa. Akachapwa kwa kuchelewa.

Ndugu mwalimu, kipimo cha kwanza unaweza kukifanya mwenyewe. Simama nyuma ya mtoto, mbali kidogo kama urefu wa mkono wako. Mwambie azibe sikio moja kwa kidole. Sema maneno matatu kwa sauti ndogo, kama mbuzi, saba, mkungu. Mwambie ayarudie. Kisha fanya hivyo kwa sikio la pili. Akishindwa, mlete zahanati, na siku hiyo hiyo mketishe dawati la mbele.

Kuna wengine. Yuko mtoto anayesinzia kila siku saa nne. Pengine ana safura: minyoo inamnyonya damu tumboni, na damu ikipungua mwili huchoka. Tazama ndani ya kope la chini la jicho lake. Likiwa jeupe badala ya jekundu, hilo si suala la uvivu. Pengine hakula tangu jana jioni, amekwisha chota maji asubuhi, na amepanda vilima viwili kufika shuleni. Yuko anayeduwaa katikati ya somo, macho yamesimama, ukimwita haitiki, kisha baada ya muda mfupi sana anaendelea kama hakuna kilichotokea. Hiyo inaweza kuwa kifafa. Kifafa si lazima mtu aanguke na kutoa povu, na fimbo haikitibu. Yuko anayenakili vibaya ubaoni kwa sababu haoni mbali. Yuko msichana asiyetaka kusimama kujibu swali kwa sababu siku zake zimeanza na hana kitambaa. Akilazimishwa kusimama mbele ya wavulana, kesho haji shule.

Sisemi watoto wote wakorofi ni wagonjwa. Watundu wapo, na wezi wa kalamu wapo. Nasema tuulize kwanza. Kuuliza hakuna gharama.

Hofu isiyosemwa

Tarehe 8 Novemba 2017, katika Shule ya Msingi Kihinga, wilayani kwetu Ngara, bomu la kutupa kwa mkono lililipuka. Mtoto alikuwa amelichukua akidhani ni chuma chakavu. Wanafunzi 5 walikufa, na wengine zaidi ya 40 walijeruhiwa. Ngara tumepakana na Burundi na Rwanda, na mwaka 1994 tulipokea mamia ya maelfu ya wakimbizi waliovuka daraja la Rusumo. Wazee wetu wanakumbuka watoto wa wakati ule waliokuwa wakiruka kwa kusikia mlango ukigongwa tu.

Jeraha la ngozi huoshwa, hushonwa, likapona. Hofu hubaki ndani, na mtoto hana maneno ya kuieleza. Huieleza kwa mwili. Huanza kukojoa kitandani hali alikuwa ameacha. Huota na kupiga kelele usiku. Tumbo humuuma kila asubuhi ya shule, na tukipima hatuoni ugonjwa. Wengine hupigana na kila mtu. Wengine hunyamaza kabisa, na hawa ndio tunaowasahau, kwa kuwa hawasumbui.

Si lazima pawe na bomu. Baba akifa, mama akipigwa nyumbani, nyumba ikiungua, hofu ni hiyo hiyo.

Mtoto wa namna hiyo asilazimishwe kusimulia. Akitaka kusema, asikilizwe mpaka mwisho. Aambiwe ukweli kwa maneno machache. Masomo na michezo viendelee kwa saa zile zile za kila siku, kwa sababu mtoto aliyeogopa hutulia akijua kitakachofuata. Asichekwe kwa kukojoa. Yakizidi mwezi mmoja bila nafuu, aletwe zahanati. Aletwe mapema zaidi kama hali chakula au anasema anataka kufa.

Mwalimu naye ni mtu

Haifai kumlaumu mwalimu peke yake. Tangu Januari 2016, wazazi walipoondolewa ada, watoto wengi sana waliingia shule. Jambo hilo ni jema. Lakini mwalimu mmoja alijikuta na darasa lililojaa mpaka mlangoni. Anaweza kuwa na deni dukani, au mtoto wake mwenyewe anaumwa. Anaingia darasani na mzigo huo. Mtoto wa kwanza kuangusha kalamu ndiye anayelipa.

Kwa hiyo mwalimu ajifunze kuijua hasira yake kabla haijamtawala. Kila mtu ana dalili yake. Mmoja huuma meno. Mwingine huhisi moto masikioni. Mwingine sauti hubadilika. Ukiiona dalili yako, weka chini kitu kilichomo mkononi. Nenda mpaka mlangoni. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu mpaka 4, itoe polepole ukihesabu mpaka 6. Fanya hivyo mara 10. Pumzi ndefu huupunguza mwendo wa moyo, na moyo ukitulia akili hurudi. Kisha mwulize mtoto, "Nini kimetokea?" Adhabu, kama ipo, inaweza kungoja kesho. Kosa halitakimbia.

Wazazi hupenda kumwambia mwalimu, "Samaki mkunje angali mbichi." Methali hiyo ni nzuri, lakini isomwe vizuri. Samaki akikunjwa kwa nguvu nyingi huvunjika, hata akiwa mbichi.

Na wanafunzi je?

Nao wafundishwe. Mtoto anayejua kusema "Nimekasirika kwa sababu umechukua daftari langu" hana haja ya kurusha jiwe. Darasani wanaweza kuigiza ugomvi wa mpira: mmoja anaanguka, mwingine anacheka, na wenzao wanaonyesha namna ya kuumaliza bila ngumi. Watoto wa darasa la pili wanaweza kabisa. Wanafurahi, na wanakumbuka.

Viranja waangaliwe sana. Kiranja anaandika orodha ya wapiga kelele, na mara nyingi anaandika majina ya adui zake na kuwaacha waliompa karanga. Mwalimu anayechapa kwa orodha hiyo anatumiwa na mtoto bila kujua.

Je, mambo haya yanawezekana, au ni maneno ya gazetini? Jirani zetu wa Uganda walijaribu katika shule za msingi 42 za wilaya ya Luweero. Nusu ya shule hizo walimu na wanafunzi walifundishwa njia za kuishi bila kupigana na kutukanana, na nusu nyingine zilingoja. Matokeo yalitangazwa mwaka 2015. Katika shule zilizongoja, wanafunzi 49 katika kila 100 walisema wamepigwa na mwalimu au mfanyakazi wa shule wiki iliyopita. Katika shule zilizofundishwa walikuwa 31. Kupiga hakukuisha, lakini kulipungua sana, wala masomo hayakuanguka kama wengi walivyohofia. Hapa Tanzania, walimu wa shule kadhaa za sekondari walipewa mafunzo kama hayo kwa siku chache, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Miezi michache baadaye walikuwa wanapiga kidogo kuliko walimu wasiofundishwa. Hawakusema hivyo walimu tu. Wanafunzi wao nao walisema.

Katika mkutano wa kijiji, wazazi wanaweza kuuliza mambo mawili: kitabu cha adhabu kiko wapi, na ni mwalimu gani ambaye mtoto anaweza kumwendea akiwa na shida? Waulize kwa heshima. Uji wa mchana nao ujadiliwe, maana darasa lenye njaa lina ugomvi mwingi.

Ukiona mtoto anaumizwa, nyumbani au shuleni, mwone mtendaji wa kijiji au afisa ustawi wa jamii. Unaweza pia kupiga simu namba 116, bila malipo. Hata mtoto mwenyewe anaruhusiwa kupiga.

Na mkimleta mtoto zahanati kwa shida ya moyo, msianze kunisimulia makosa yake mbele yake. Niachieni nafasi nimsalimie kwanza, nimwulize jina lake, na yeye mwenyewe aniambie ni wapi panapomuuma.