Dondoo muhimu: Ufizi unaotoa damu
Damu inayobaki kwenye mswaki, uwe wa dukani au wa mti, ni dalili ya awali ya ugonjwa wa fizi, ambao huletwa na ukoga, yaani utando wa bakteria unaonata pale jino linapokutana na ufizi na ambao, usiposuguliwa, hugeuka ugaga mgumu usiotoka ila kwa vifaa vya daktari. Tumbaku, kisukari na ujauzito huongeza hatari. Mvutaji huweza hata asiione damu hiyo. Mkazi wa Kinyangiri, mkoani Singida, asichanganye ugonjwa huu na madoa ya kahawia kwenye meno yaletwayo na floridi nyingi katika baadhi ya visima vya mkoa huo. Kuacha mswaki kwa kuogopa damu ni kosa kubwa: panapotoka damu ndipo pasuguliwe, taratibu, mara mbili kwa siku.